Mpaka Uzoee

Kambini
Jumatatu, 3 Machi

Kwako Fundi wangu,

Nimefika salama, isipokuwa mgongo, ambao nadhani umebaki kwenye shimo moja baada ya daraja. Mtandao huku bado ni hadithi, kwa hiyo tumerudi kwenye karatasi. Dereva wa boza la maji amekubali kuwa posta yetu. Akija na maji anakuja na barua yako, akirudi mjini anarudi na yangu.

Tangu tulipoachana nacheka peke yangu. Yule mpiga picha wetu, Bwana Tabasamu, nilidhani atapasuka kwa hasira. Picha zote zile za majaribio, na katika kila moja mimi nimesimama kama mlingoti na wewe umefumba macho, mabega yamepanda mpaka masikioni, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Kila nikipeleka mkono shavuni kwako kama alivyotuelekeza, wewe huyo, umeruka. "Bibi harusi, kamera haing'ati!" Fundi mzima, unapanda ngazi kutundika mapazia ya hoteli bila kushika popote, halafu unaogopa kikamera cha kushikwa kwa mkono mmoja.

Ruhusa nimepata. Jumamosi ya tarehe 5 Aprili nitakuwa mjini, na picha za uchumba tutapiga siku hiyo asubuhi. Mama anataka moja ya kadi za mwaliko na nyingine kubwa ya ukutani. Ameshapigilia msumari sebuleni. Unamjua mama, msumari ukishaingia ukutani lazima kitu kining'inie, hata kama ni ufagio.

Kwa hiyo jizoeze mbele ya kioo. Mimi najizoeza na stendi ya darubini ya kupimia. Naishika kiuno, naitazama kwa huba, wenzangu wananizomea.

Mpima wako

*

Mjini
Jumapili, 9 Machi

Mpima,

Barua nimeipata ikiwa imelowa pembeni, lakini inasomeka. Pole ya mgongo. Hiyo stendi uiambie mimi nina wivu.

Huku kazi imenielemea. Nimemaliza mapazia ya ile kliniki ya macho, sasa nashona pazia letu, lile Bwana Tabasamu alilosema litakaa nyuma yetu. Nimechagua kijani kilichokolea, maana ukivaa shati jeupe utaonekana vizuri. Nililikata fupi kidogo kwa kutokuwa makini, nikaliunga chini. Mshono hauonekani, labda uinamie.

Alipita hapa kupima upana wake. Anasema ile ya mkono shavuni ndiyo picha yenyewe, ndiyo watu wanayoitafuta, na tukiiacha watadhani tumegombana njiani. Mimi nilikuwa nafikiri, kwa nini tusikae tu? Wewe kiti chako, mimi kiti changu, mikono mapajani. Au tugeuziane migongo, siku hizi wapo wanaopiga hivyo na zinapendeza. Sisemi sitaki kuwa karibu na wewe. Ni ile taa yake, inaniwakia machoni ghafla. Ni kamera tu, hakuna kingine, usianze kuwaza.

Kioo nimejaribu. Nikiwa peke yangu natulia vizuri kabisa.

Nina swali, ulichukulie kama swali la kupitisha muda. Hivi wewe huwa unakasirika? Nina maana kukasirika kweli. Tangu tufahamiane sijakuona hata siku moja, na nimejikuta nawaza ukikasirika unakuwaje. Nauliza tu.

Msalimie dereva. Mwambie nimeona amenyoa ndevu, amekuwa kijana.

Fundi

*

Kambini
Ijumaa, 14 Machi

Fundi,

Sikufichi, barua yako imenikera kidogo. Viti viwili, mikono mapajani? Tunaoana au tunasubiri daktari? Na kugeuziana migongo ndiyo kabisa. Mama akiitundika hiyo, kila mgeni atauliza tuliachana lini.

Umeniuliza kama huwa nakasirika. Nakasirika mara moja kwa mwaka, na siku hiyo hata mbwa wa kambi anahama. Ya mwaka huu bado sijaitumia, kwa hiyo jiangalie.

Basi nimelifikiria jambo lako kutwa nzima nikiwa kazini, nimeona dawa yake. Shida yako ni kushtuka. Na kushtuka huondoka kwa mazoezi, si kwa maneno. Jumamosi nikishuka tu nitakuja kwako kwanza, kabla hatujaenda popote. Nitafunga mlango, nitakupiga mimi mwenyewe. Taratibu, bila haraka, mpaka uzoee. Mpaka mkono ukija usoni usiruke tena. Usidhani sijui ninachokifanya. Hapa kambini nimeshawapiga karibu wote. Mpishi ndiye alinisumbua, mwanzoni alikuwa anakimbia na sufuria lake, siku hizi nikimwambia tulia, anatulia kimya.

Dada yako kama atakuwa amekuja kukutembelea, mtafutie shughuli ya kumtoa nje asubuhi hiyo. Wakiwepo watu hutatulia. Iwe siri yetu.

Mvua imeanza, karatasi inalowa, naishia hapa. Nimekumiss mpaka nimemwambia dereva.

Mpima wako

*

Mjini
Jumatano, 19 Machi

Dada yangu,

Sikupigii simu kwa sababu nikianza kuongea nitalia, na nikilia utaacha wagonjwa wako wodini uje mbio. Soma kwanza. Halafu kama utaona ni kuja, uje.

Nimekufungia humu barua ya mchumba wangu. Soma pale nilipoweka alama ya chaki. Mimi nimeisoma nimesimama, mbele ya mteja aliyekuja kuchagua kitambaa. Aliniuliza kitu kuhusu bei, sikumsikia, akauliza tena, akaondoka. Mkasi ulikuwa mkononi mwangu na sikukumbuka kuuweka chini.

Dada, anasema atafunga mlango. Anasema tulia. Anasema mpaka uzoee. Haya maneno mimi na wewe tunayajua yametoka wapi, tumeyasikia kwa baba mdogo miaka yote ile tuliyokaa kwake. Mimi sijawahi kumwambia huyu mwanaume hata neno moja la mambo yale. Nilimwacha aamini kwamba naogopa kamera. Sasa nani kampa maneno ya baba mdogo? Nimejiuliza mpaka kichwa kinauma. Au wote wanayajua, wanayatunza tu mpaka siku wakishakuwa na wewe?

Naogopa, dada. Naogopa hata mlango wa kibanda cha kazi, nimeuegemezea cherehani ya zamani. Na kinachonichanganya ni kwamba ameandika kwa furaha. Anatania. Anasema amenimiss. Mtu anasema atanipiga na kwenye mstari unaofuata anasema mvua imeanza.

Pete nimeivua nikashindwa kujua niiweke wapi. Nimeishonea kwenye pindo la lile pazia la kijani. Usinicheke.

Mama yake alipita jana akanishika mikono yote miwili, akaniambia msumari uko imara. Nilitabasamu. Ningemwambia nini?

Mdogo wako

*

Mjini, kibandani kwa mdogo wangu
Jumamosi, 22 Machi

Kwa mpima ardhi,

Salamu sina. Ningekuwa nazo ningempa huyo mbwa wenu.

Nimepanda basi jana baada ya zamu, sasa hivi naandika juu ya meza ya kukatia ya mdogo wangu, na yeye yuko hapa pembeni anajifanya anapiga pasi. Nguo hiyohiyo anaipiga pasi tangu nimefika. Barua hii nampa dereva wa boza mkononi, na nimemwambia ikipotea nitampima damu mwenyewe kwa sindano kubwa.

Unasema utamfungia mlango umpige taratibu mpaka azoee. Nimenukuu neno kwa neno ili usije ukasema umesingiziwa. Mimi ni nesi wa wodi ya mifupa, kijana. Nimefunga plasta kwenye mikono ya wanawake wengi, na waume zao wanakuja na matunda, wanasema walimgusa tu, taratibu. Sijawahi kufunga plasta ya mtu aliyepigwa haraka. Wote walipigwa taratibu.

Nilikupenda, ujue. Nilimwambia huyu mtoto, shika huyo, ana utani na hana makuu. Ninavyojisikia leo sitaki kukueleza.

Huyu ni mtu aliyelelewa na baba yetu mdogo. Alikuwa anafunga mlango kwanza, kama wewe. Alikuwa anamwambia tulia, kama wewe. Akiinua mkono na mtoto akaruka, basi kosa likawa ni kuruka, na anaanza upya. Ulikuwa hujui? Sasa umejua. Ulikuwa unajua? Basi Mungu akuone.

Tarehe 5 nitakuwa nimekaa kwenye kiti, mlangoni hapa. Wa kunitoa nje kwa shughuli namsubiri.

Dada yake mkubwa

*

Kambini
Jumatano, 26 Machi

Fundi,

Hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezichana. Naomba uisome hata kama ni dada ndiye atakayekusomea.

Nitaanza na aibu. Niliposoma barua ya dada, nilicheka. Nilicheka kweli, kwa sauti, kwa sababu nilielewa papo hapo kilichotokea. Nilitaka kusema nitakupiga picha. PICHA, Fundi. Kabla hatujaenda kwa Bwana Tabasamu, nije na kamera ya ofisi, nikupige mimi, tukiwa wawili tu, ile mikao yote, ile ya mkono shavuni, mpaka uizoee kamera. Huku kila kigingi tunachokichimbia lazima kipigwe picha kipelekwe ofisini, kwa hiyo kutwa ni kuulizana, kile cha mtoni umekipiga? Bado sijakipiga, ngoja jua litoke. Neno picha tulishalitupa siku nyingi, hakuna mwenye muda nalo. Mpishi nimempiga hivyohivyo, na picha yake nimeiweka humu muione. Ndiye huyo mwenye sufuria.

Nikafikiri mambo yameisha. Nikachukua karatasi niandike jibu la kuchekesha. Ndipo nikasoma tena pale dada alipoandika akiinua mkono na mtoto akaruka. Kicheko kikakauka.

Kwa hiyo haikuwa kamera.

Nikakaa mlangoni mwa hema. Nikakumbuka siku ile jikoni kwako, nilipoinua mkono kuchukua glasi rafuni, na wewe ukahamia nyuma ya kiti. Nilidhani unanipisha. Nikasema ahsante! Nikakumbuka sinema, nilipojinyoosha, ukamwaga soda, nikakutania wiki nzima. Nikakumbuka picha zile za majaribio, mimi nikicheka, napeleka mkono tena, na Bwana Tabasamu anasema rudia, na mimi narudia. Mara ngapi nilirudia? Na wewe ulikuwa unasimama pale.

Sasa naogopa mimi. Naogopa mkono wangu mwenyewe, ni kitu cha kijinga kuandika lakini ndivyo ilivyo. Jana mwenzangu aliniomba nyundo, nikaona nimeiweka chini aiokote mwenyewe badala ya kumpa. Naogopa kwamba uliniuliza swali la kweli, kama huwa nakasirika, na mimi nikakujibu kwa mzaha wa mbwa. Naogopa kwamba maneno yangu yametoka sawasawa na ya yule mtu, na hapakuwa na chochote kwenye karatasi cha kukuonyesha tofauti. Ningekuwa wewe ningeamini vilevile.

Sijawahi kumpiga mtu, Fundi, lakini najua hata hilo halina maana. Kila mtu angeandika hivyo. Mtu ambaye hajapiga hana cha kuonyesha. Picha ya mpishi inathibitisha mpishi tu.

Nilishapanda boza nije. Dereva alikuwa amewasha. Halafu nikajiona nikigonga mlango wako bila taarifa, nimechoka, sauti juu, nasema nifungulie nikueleze, na wewe uko ndani. Nikashuka. Dereva alinitukana kidogo, akaondoka.

Mama nimemwandikia kwamba picha huenda zisiwepo na asiniulize. Uchumba wetu uko mikononi mwako, na sitakusukuma. Jumamosi ya tarehe 5 boza linakuja mjini na nina nafasi mbele pale. Nisipopata neno lako nitabaki huku. Hutaniona mlangoni mpaka uniite.

Mwambie dada sijakasirika naye. Mwambie alifanya vizuri kuandika vile.

Mpima

*

Mjini
Jumatatu, 31 Machi

Mpima,

Dada alisoma barua yako kwa sauti, mimi nikiwa nimempa mgongo. Alipofika kwenye PICHA akairudia moyoni, akaitoa ile ya mpishi akaitazama sana. Kisha akasema, "Huyu hajapigwa. Huyu ameshiba." Tukacheka mpaka nikaanza kulia, na nikilia sijui kuacha. Dada hajasema samahani, hilo neno halimtoki, lakini amekuoshea lile shati jeupe ulilosahau hapa na amelipiga pasi mara mbili.

Sasa nisikilize, maana sitaandika haya tena.

Baba mdogo hakuwa mlevi. Watu wakisikia habari kama hizi wanauliza alikuwa anakunywa? Hakuwa anakunywa. Alikuwa mtu wa utani mezani kama wewe. Alikuwa anatununulia daftari mpya. Alikuwa anatuchekesha wakati wa kula, halafu ananawa mikono, anaifuta kidole kimoja kimoja kwa taulo, anasema njoo chumbani. Ndiyo maana nilikuuliza kama huwa unakasirika. Yeye hakuwa anakasirika. Nilitaka uniambie kwamba wewe hukasirika, unapiga kelele, unabamiza mlango, kama watu wote, ili nijue ikija nitaiona. Ulipojibu kwa mzaha nikasema moyoni, ni huyohuyo.

Nimekuelewa kuhusu neno. Nimeisoma upya barua yako ya tarehe 14, na sasa kila mstari unasomeka ni picha, picha, picha, nashangaa nilikosaje kuona. Lakini nitakuambia kinachonitisha mpaka leo. Sikuisoma mara mbili. Sikusema huyu hawezi. Tumefahamiana muda wote huu, umenipakia mafuta kwenye kidole kilichochomwa na sindano, umembeba dada begani mafuriko yalipokuja, na sentensi moja ilipokuja nikaiamini yote, palepale nimesimama. Hilo si kosa lako na sijui kama litaondoka. Huenda utakuwa mzee, utainua mkono kufukuza nzi, na mimi nitahamia nyuma ya kiti. Fikiria kama unaweza kuishi na mtu wa hivyo. Fikiria kweli, usinijibu kwa huruma.

Kama umefikiria na bado unataka, njoo Jumamosi. Gonga, sema ni wewe, subiri. Dada atakuwepo, kiti chake ameshakichagua. Mlango utakaa wazi, na hakuna wa kuufunga.

Kwa Bwana Tabasamu twende. Nimeshamwambia dada akae karibu na taa, na nimemwambia Bwana Tabasamu akisema neno rudia, nitaondoka na pazia langu. Sitaki viti viwili. Nataka tuijaribu ile ya shavuni, si kwa ajili ya mama, wala kadi. Naitaka mimi. Naogopa sasa hivi ninapoandika, lakini naitaka.

Uulete mkono kutoka chini, nianze kuuona mbali. Nitashtuka. Usijidanganye kwamba sitashtuka, nitafumba macho na mabega yatapanda. Hapo usiuondoe kwa haraka kama mtu aliyeungua, na usiusogeze mbele. Usiniambie nitulie. Uache palepale ulipofika, hewani, hata kama utachoka, hata kama Bwana Tabasamu ataguna.

Nitafungua macho nitazame ni wa nani.

Fundi